Mazungumzo Gani Tena? Ulinganisho wa Tiba za Afya ya Akili kwa Kijana

Jumamosi moja baada ya sala ya alasiri alinijia barazani, hapa Ngamiani, Tanga, mama mmoja kutoka Makorora. Mkononi ana karatasi ya hospitali, kaikunja mara nne kama hati ya shamba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

Binti yake wa miaka 15, kidato cha pili, alikuwa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Kapimwa malaria, damu, mkojo, choo, vyote salama, na mwisho wa yote daktari kaandika apelekwe kwenye tiba ya mazungumzo. Mama akaniuliza, wala hakuwa anatania: "Mazungumzo gani tena, Mwalimu? Kwetu tunazungumza kutwa kucha mpaka majirani wametuchoka."

Swali zuri. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa malezi na unasihi sekondari, na nimewaona wazazi wengi wakidhani tiba ya mazungumzo ni kitu kimoja. Ni sawa na mtu aseme "dawa" akidhani kidonge cha kichwa, dawa ya minyoo na sindano ya pepopunda ni mamoja. Tiba hizi ziko nyingi, kila moja ina dhana yake kuhusu kinachomshika kijana asipone, na kwa hiyo kila moja inaitumia ile saa moja kwa namna yake.

Nilimwambia mama yule kitu ambacho nimekijua kwa kukosea sana: kilichoanzisha ugonjwa na kinachoulisha leo si lazima kiwe kimoja. Jiko la mkaa huwashwa kwa kiberiti, lakini kinachofanya sufuria iungue saa hii ni mkaa. Ukishinda unamtafuta aliyewasha kiberiti, mboga imekwisha. Tiba ichaguliwe kwa kuangalia mkaa.

Nitamtumia binti huyu kulinganisha, nimebadilisha vya kutosha asijulikane. Wazazi wake waliachana. Baba kabaki Pangani, mama na binti wakaja mjini kwa bibi. Shule mpya, wenzake wapya. Miezi miwili baadaye likaanza tumbo: Jumapili magharibi linanyemelea, Jumatatu alfajiri linambana kweli, Jumatatu adhuhuri limetulia. Usiku halali vizuri. Hasira ziko karibu. Hata kusukana nywele na wenzake, jambo alilokuwa akilipenda, kaacha.

Mwili upimwe kwanza, na mama huyu alifanya vyema kuanzia hapo. Upungufu wa damu humfanya msichana aonekane mvivu na mnyonge. Kifafa nimekiona kikiitwa shetani miaka mitatu. Baada ya hapo ndipo tuseme habari ya akili, na tuiseme bila kuogopa, maana ukitaja neno hilo hapa kwetu mtu anaona Mirembe au Lutindi, hospitali za wagonjwa wa akili, mbele ya macho. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Wengi wao hawahitaji kulazwa popote. Na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa kijana mara nyingi haina machozi: ina ukorofi, kichwa kuuma, usingizi wa mchana na alama kushuka. Hali ikidumu wiki mbili na ikavuruga shule, chakula au usingizi, tafuta msaada.

"Uliwaza nini?" na "Ilikuwa na nani?"

Tiba mbili zenye ushahidi mwingi kwa sonona ya vijana hutofautiana kwa swali la kwanza tu.

Ya kwanza ni tiba ya mawazo na vitendo, ambayo kwenye karatasi za hospitali huandikwa CBT. Ilijengwa na daktari Aaron Beck huko Philadelphia, Marekani, miaka ya 1960. Beck alikuwa amefundishwa kuchimba utoto wa mgonjwa. Akagundua kwamba wagonjwa wake wa sonona wana mawazo yanayopita mbio, ambayo wao wenyewe hawayahoji: sina thamani, hakuna kitakachobadilika, watanicheka. Hoja yake: wazo huzaa hisia, hisia huzaa tendo, na tendo hulirudishia wazo nguvu. Ukikata kamba mahali pamoja, duara zima linalegea.

Binti wetu akiingia kwenye chumba hicho, saa ya kwanza hataulizwa sana habari za Pangani. Ataulizwa: Jumatatu iliyopita tumbo lilipoanza, kichwani mlikuwa na nini? Pengine atajibu, "Nikisimama kujibu darasani watacheka ninavyoongea." Mnasihi ataliandika. Kisha wataangalia anachokifanya wazo hilo linapokuja, na wiki ijayo atapewa kazi ya nyumbani. Ndiyo, kazi ya nyumbani. Kwa hofu hupangwa ngazi: kwanza amsomee mdogo wake kwa sauti, halafu bibi, halafu rafiki mmoja, halafu kikundi cha watano, mwisho darasa. Hapandi ngazi ya pili mpaka ya kwanza imezoeleka. Kwa sonona huanzia vitendo vidogo, kutoka kwenda dukani, kusuka nywele mara moja kwa wiki, hata kama moyo hautaki, kwa sababu hamu hufuata mwendo mara nyingi zaidi kuliko mwendo unavyofuata hamu.

Watu huichanganya tiba hii na kuambiwa "usiwaze, waza mazuri." Sivyo. Wazo hupimwa kama ushahidi mbele ya kadhi: lina shahidi gani, na upande wa pili unasemaje. Hapo ndipo penye hatari yake pia, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Kijana akisema "mwalimu yule ananionea," huenda anaonewa kweli. Kijana mwenye njaa hana wazo potofu kuhusu njaa. Mnasihi anayekimbilia kusahihisha mawazo kabla ya kuuliza kama ni ya kweli atamfunza mtoto kunyamaza.

Ya pili ni tiba ya mahusiano, IPT. Gerald Klerman na Myrna Weissman waliianzisha miaka ya 1970 huko Marekani kwa watu wazima, kisha Laura Mufson wa New York akaitengeneza kwa vijana, vikao kama 12. Hii haijali sana wazo lipi lilipita. Inasema sonona huja na kuondoka kwenye uhusiano wa watu, na hutafuta mlango mmoja kati ya minne: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, au upweke wa asiyejua kujenga urafiki.

Binti wetu hapa angechorewa duara. Katikati yeye, na aweke majina: nani yuko karibu kabisa, nani pembeni, nani katoka nje ya duara mwaka huu. Baba angewekwa wapi? Rafiki wa Pangani je? Kila wiki swali ni "ilikuwa na nani, ulisema nini, yeye akajibu nini?" Halafu wanafanya mazoezi ya kusema tofauti. Kwa mfano, jinsi ya kumpigia baba simu akamwambia anamkosa, bila kuanza na lawama.

Nani aende wapi? Penye hofu, wasiwasi na kukwepa, yaani kijana anapunguza dunia yake kila wiki, mimi ningeanza na tiba ya mawazo na vitendo bila kusitasita. Sonona iliyoingia nyuma ya talaka, msiba au kuhamishwa, tiba ya mahusiano inamkaa vizuri, na vijana wengi huipenda kwa kuwa haifanani na darasa. Ukishindwa kuamua, msikilize anavyosimulia. Hadithi zake zikijaa majina ya watu, nenda upande wa pili. Zikianza zote na "mimi siwezi," nenda wa kwanza. Kipimo hicho ni changu, hukisomi kwenye kitabu chochote, lakini kimenifaa.

Kwa binti huyu mimi nilisema wazi: tiba ya mahusiano. Talaka, Pangani, baba. Nilikuwa na hakika. Subiri.

Nyumba nzima inapoitwa

Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Marekani na familia maskini za New York na baadaye Philadelphia, alikuwa akiiangalia familia inavyokaa chumbani kabla haijasema neno: nani kakaa karibu na nani, nani anamjibia nani. Tiba ya familia imejengwa juu ya jicho hilo. Mgonjwa si kijana peke yake bali mpangilio mzima, na kijana ndiye taa iliyowaka kuonyesha hitilafu.

Kwetu tiba hii ingekuwa rahisi kueleweka, maana hapa mtoto hana wazazi wawili tu. Ana bibi, mjomba, shangazi, somo wake, na jirani aliyemnyonyesha siku mama alipoumwa. Tatizo ni kujua nani aitwe. Nimeona kikao kimoja kikiharibika kwa sababu waliitwa baba na mama, na mwenye kauli ya mwisho nyumbani alikuwa shangazi, ambaye hakualikwa na aliliona jambo hilo kama dharau.

Ichague pale ugomvi wa wakubwa unapopita kichwani mwa mtoto, au kila mkubwa anapompa amri yake. Kwa kijana, hasa msichana, anayejinyima chakula mpaka mwili unakwisha, tiba ya familia iliyokuzwa katika hospitali ya Maudsley, London, ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Humo wazazi hurudishiwa kazi ya kusimamia chakula badala ya kulaumiwa. Usiichague kabisa pale ambapo mmoja wa watakaoketi mkekani ndiye anayempiga au kumdhulumu mtoto. Huko ni kumrudisha kondoo aketi na fisi waelewane.

Tukio lisilokubali kupita

Kuna kijana ambaye mkaa wake ni kumbukumbu. Ajali ya basi, kubakwa, kifo alichokishuhudia. Anaota, anashtuka mlango ukigongwa, anazunguka njia ndefu asipite mahali fulani. Huyu ana tiba yake, tawi la tiba ya mawazo na vitendo, iliyotungwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, na kwa bahati nzuri imejaribiwa karibu na sisi: Moshi, na Bungoma upande wa Kenya. Watoto 640 waliofiwa na mzazi, wa miaka 7 hadi 13, walishiriki, na waliowahudumia hawakuwa wataalamu wa afya ya akili bali watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Vikao vya kundi vilikuwa 12, na vichache vya mtoto peke yake. Kwa ujumla waliopata tiba hiyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida, ingawa si kila eneo kwa kiwango kimoja.

Tofauti yake na tiba ya mawazo ya kawaida ni kwamba mtoto hatimaye husimulia tukio lenyewe, kidogo kidogo, na mlezi hutayarishwa kulisikia. Wazazi huogopa hapo: "Si utamchokonoa kidonda?" Lakini usimulizi hauji siku ya kwanza. Kwanza hufundishwa kutuliza pumzi na mwili, kutaja hisia kwa majina. Mtu akimkalisha mwanao kikao cha kwanza akamwambia "haya, eleza yote yaliyotokea," mchukue mwanao mwondoke.

Na kama dhuluma bado inaendelea, tiba ingoje. Usalama kwanza: afisa ustawi wa jamii, na dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Anayejikata, anayesema afadhali nife

Hapa sitalinganisha kwa starehe. Marsha Linehan, profesa wa Seattle, alitunga tiba iitwayo DBT kwa watu ambao hisia zao huja kama dhoruba, na mwaka 2011 akasema hadharani kwamba yeye mwenyewe alilazwa akiwa msichana wa miaka 17, akijiumiza. Kiini chake ni kushika mambo mawili kwa pamoja: kumkubali kijana jinsi alivyo, na kumtaka abadilike. Hufundisha stadi kama kuvuka dakika mbaya bila kujiumiza, kutambua hisia kabla haijapanda, na kuomba kitu bila kupasua nyumba. Kwa ukamilifu wake ni nzito, inataka mnasihi, kundi na familia, na si rahisi kuipata kamili nje ya miji mikubwa ya dunia. Lakini mnasihi mzuri anaweza kumfundisha kijana sehemu ya stadi hizo.

Muulize kijana waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakupandi mbegu, kunampa ruhusa ya kusema. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vilivyozagaa. Usimwache peke yake, nenda naye hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Na kijana anayejikata haigizi. Hata kama anaigiza, anaigiza kwa wembe.

Peke yake au kundini

Hili wazazi hulisahau, na ni chaguo kubwa kuliko jina la tiba. Uganda ndiko kuliko na somo letu. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya tiba ya mahusiano iliyofanywa kwa makundi vijijini kusini-magharibi mwa nchi hiyo, ikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, na sonona ilipungua sana. Mwaka 2007 yakaja ya kaskazini, kambi za waliokimbia vita, vijana wa miaka 14 hadi 17. Wasichana walipata nafuu ya wazi. Kwa wavulana haikuonekana hivyo. Mimi sishangai. Mkalishe mvulana wa Tanga kwenye duara la wenzake umwambie ataje huzuni yake, atakutajia matokeo ya timu yetu ya mpira, Coastal Union. Mvulana nimempata mara nyingi zaidi tukitembea, au tukitengeneza baiskeli.

Kenya nako wametumia njia fupi zaidi. Mradi wa Shamiri unaendeshwa shuleni na vijana waliomaliza sekondari karibuni, vikao 4 tu, mara moja kwa wiki, na hauzungumzii ugonjwa. Unazungumzia kwamba mtu anaweza kukua, shukrani, na mambo unayoyathamini. Utafiti wa wanafunzi 413 uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Nguvu yake ni kwamba hakuna anayeitwa kichaa kwa kuhudhuria. Udhaifu ni kwamba kijana aliyezama hatoshwi na vikao vinne.

Zimbabwe wao waliwaweka bibi kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Daktari Dixon Chibanda alianza na bibi wa Mbare, Harare, mwaka 2006, na wazo hilo limefika mpaka Zanzibar. Humo mtu hutaja matatizo yake, huchagua moja, na wanalipangia hatua. Nilipomsimulia bibi wa binti wetu habari hiyo alisema, "Sasa hao wametuiga sisi." Nusu ni kweli. Nusu nyingine ni kwamba bibi wa Harare walifundishwa kusikiliza kabla ya kusema, na hilo bibi zetu, Mungu awape umri, huwa na kazi nalo.

Dawa, na kombe

Kuhusu dawa, utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2004 unasaidia sana. Vijana 439 wenye sonona nzito, wa miaka 12 hadi 17, waligawanywa. Baada ya wiki 12 walioimarika walikuwa asilimia 71 kwa waliopata fluoksetini, dawa ya sonona, pamoja na tiba ya mawazo na vitendo, 61 kwa dawa peke yake, 43 kwa tiba peke yake, na 35 kwa kidonge kisicho na dawa. Mzazi akiishia hapo atasema dawa ndiyo mwamuzi. Lakini wiki ya 36 waliotumia tiba peke yake walikuwa wamewafikia wa dawa, wote kwenye asilimia 81. Dawa huharakisha. Penye sonona nzito haraka ina maana kubwa, penye sonona nyepesi ni bora kuanza na mazungumzo. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za aina hii zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa baadhi ya vijana, kwa hiyo wiki za mwanzo kijana aangaliwe kwa karibu, na zisiachwe ghafla. Daktari ndiye aandike, si duka la dawa.

Na tusidanganyane, Tanga kijana wengi humpeleka kwenye kisomo kwanza, au kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa anywe, au kwa mganga. Mimi ni Mwislamu na kisomo sikikatai. Kimemtuliza mama, kimewakusanya ndugu, kimempa mtoto habari kwamba anaombewa. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza kilichotokea darasani. Viende pamoja. Mpaka wangu uko mahali pawili: asipigwe wala kufungwa, na asiambiwe aache dawa ya hospitali. Shekhe mwenye elimu hakusumbui kwenye hayo. Na wale wanaosema "mchelea mwana kulia hulia mwenyewe" wakiinua fimbo juu ya mtoto mwenye sonona, methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya mgonjwa.

Utakachokikuta hasa

Hapa mjini hakuna mlango ulioandikwa jina la tiba. Kuna kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, kuna maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, walimu wa unasihi shuleni wenye vipindi thelathini vya hesabu juu yake, na wanasihi wachache wa binafsi. Msaikolojia hutoa tiba ya mazungumzo lakini haandiki dawa, daktari wa akili huandika. Utakachopata ni mchanganyiko, na mchanganyiko si vibaya, mradi mwenye kuchanganya anajua anachofanya.

Basi uliza. Vikao vingapi, na tutajuaje kama vinasaidia? Wiki hadi wiki mtafanya nini? Mimi mzazi nina kazi gani? Nini mtakitunza kati yenu wawili, na nini mtaniambia? Anayejibu "tutaona tu" kwa yote manne hana mpango. Anayekuahidi kikao kimoja anatuiga Watanga, waja leo waondoka leo, na sonona haina adabu hiyo. Kikao cha nne au cha tano kikipita bila badiliko lolote, sema. Na nauli uihesabu mapema: tiba nzuri ambayo kijana ataikatisha kikao cha tatu kwa kukosa pesa ya daladala ni dhaifu kuliko ya kawaida atakayoimaliza.

Mama wa Makorora alikwenda. Mnasihi, kijana mdogo tu, hakuuliza kwanza habari za talaka. Aliuliza: "Jumatatu akibaki nyumbani, huwa anafanya nini?"

Mama akajibu bila kufikiri. Bibi humpikia uji wa mchele wa nazi, humlaza kitandani kwake, wanatazama tamthilia pamoja mpaka adhuhuri.

Niliposimuliwa nilicheka kwa aibu. Kiberiti kilikuwa Pangani, ndiyo. Lakini mkaa ulikuwa uji. Kila Jumatatu aliyokwepa shule, tumbo lilipata nafuu saa ileile, na mwili ukajifunza kwamba nafuu iko kitandani kwa bibi. Jumatatu ya pili shule ikaonekana ndefu zaidi. Tiba aliyopewa ikawa ya ngazi: wiki ya kwanza afike tu shuleni akae mpaka mapumziko, wiki ya pili mpaka adhuhuri, tumbo liume lisiume. Bibi naye akaitwa kikao cha tatu. Alinuna. Akaambiwa asiache uji, auhamishe, upikwe Jumatatu jioni binti akirudi. Habari ya baba ilifunguliwa baadaye, binti mwenyewe alipoitaja, na hapo mnasihi akachukua duara la ile tiba ya pili.

Wiki iliyopita nilikutana na mama yule sokoni Mgandini, akichagua nazi. Nikamuuliza mgonjwa.

"Jumatatu bado linamuuma, Mwalimu," akasema. "Ila siku hizi anakwenda nalo shule."